Tusi, kashfa au tishio? Maneno ya ugomvi wa mtandaoni na uzito wake hapa Marekani



Watu wanaofika ofisini kwetu wakiwa na simu mkononi kwa sababu ya ugomvi wa WhatsApp au Facebook huanza na neno moja kati ya manne. "Wamenitukana." "Wamenikashifu." "Wananinyanyasa." "Wamenitishia." Baada ya hapo swali ni lile lile: niende polisi?

Jibu linategemea maneno yenyewe yaliyoandikwa au kusemwa kwenye ujumbe wa sauti. Tukiwa na hasira tunayatumia maneno hayo manne kama ndugu wa mama mmoja. Sheria ya hapa inayatenganisha kabisa: moja kwa kawaida halina kesi, moja ni la mahakama ya madai, na mawili yanaweza kumpeleka mtu gerezani na kumharibia karatasi zake za uhamiaji. Ukiyachanganya unaweza kupoteza miezi ukigonga mlango usiofunguka. Au, jambo baya zaidi, unaweza kuandika usiku wa leo sentensi ambayo kwako ni hasira tu, na kwa mwendesha mashtaka ni kosa la jinai.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno mawili. Kesi ya jinai ni ile ambayo serikali inamshtaki mtu, naye anaweza kufungwa. Kesi ya madai ni ya mtu na mtu: mmoja anadai alipwe fidia kwa hasara aliyopata, na polisi hawaingii.

Tusi

Tusi tunalijua sote: mbwa, mshenzi, malaya, na mengine ambayo hatutayaandika katika jarida linalosomwa na watoto. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo tusi ni kosa. Kanuni ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 75, inamwadhibu anayemtukana mtu hadharani. Tanzania ina kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kuhusu lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani. Kwa hiyo mama aliyetukanwa mbele ya watu 200 kwenye grupu la jumuiya, akaenda polisi, hakosei kufikiri. Anafuata sheria anayoijua.

Hapa Marekani tusi peke yake si kosa. Katiba ya nchi hii ilirekebishwa mwaka 1791 kwa maneno yanayoizuia serikali kuadhibu usemi, na mahakama zimeruhusu vighairi vichache tu. Kimojawapo ni maneno ya kuchokoza ngumi, mtu na mtu uso kwa uso. Hicho kilitambuliwa mwaka 1942, na ni vigumu kukitumia kwa ujumbe uliotumwa na mtu aliye jimbo lingine. Polisi atakusikiliza, pengine ataandika ripoti, kisha atakuambia umzuie mtu huyo kwenye simu yako. Wengine huondoka pale wakisema, "Ni kwa sababu mimi ni mkimbizi." Katika jambo hili hasa, angemjibu hivyo hivyo mzaliwa wa hapa.

Kwa tusi, sisi tunaona wazee wa jumuiya, mchungaji au sheikh wana nguvu kuliko polisi. Msimamizi wa grupu naye ana mamlaka ya kumtoa mtu, na hahitaji ruhusa ya mahakama.

Ila usifikiri kwamba kwa kuwa tusi halina kesi, basi halina gharama. Ile kinga ya Katiba inaifunga serikali. Haimfungi mwajiri wako. Bosi wa kiwanda cha nyama au wa ghala anaweza kukufukuza kazi kwa ulichoandika Facebook mbele ya watu wote, na mara nyingi sheria haitamzuia.

Kashfa

Hapa ndipo lugha yetu inatupoteza zaidi. Neno kashifu limetoka kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni kufunua, kuondoa kifuniko. Ndiyo maana kwa Kiswahili unaweza kumkashifu mtu kwa jambo la kweli kabisa: umemfunua, umemwaibisha, umetoa siri yake nje. Mtu akisema "amenikashifu" anaweza kuwa na maana kwamba amesingiziwa, au kwamba ukweli wake umeanikwa. Kwetu yote ni kashfa.

Kwa sheria ya Marekani, jambo la kweli si kashfa. Inaweza kukuumiza, inaweza kukuvunjia ndoa, lakini kama ni kweli, kesi ya kashfa haipo. Ili mahakama ikusikilize, kwa kawaida lazima uoneshe kwamba mtu alitoa habari kama jambo la hakika, habari hiyo ni ya uongo, watu wengine waliisikia au kuisoma, yeye mwenyewe alikuwa na kosa katika kuitoa (kwa mfano hakujali kuchunguza), na wewe umepata madhara. Na hii karibu daima ni kesi ya madai. Majimbo machache bado yana sheria za jinai za kashfa, lakini hazitumiki mara nyingi.

Tuchukue mfano ambao kila jumuiya inaujua: mchango wa matanga. Tuseme mzee mmoja amefariki, watu wamechanga, na fedha zimepitia simu ya mtu mmoja. Wiki tatu baadaye maneno yanaanza kwenye grupu.

Mmoja anaandika: "Huyu baba hana aibu, uongozi wake ni ovyo." Hayo ni maoni. Yanauma, lakini hayawezi kupimwa kama ni kweli au uongo, kwa hiyo si kashfa kisheria.

Wa pili anaandika: "Huyu baba ni mwizi, amekula mchango." Hilo ni jambo la hakika linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa, tena ni kumtuhumu mtu kosa la jinai. Katika majimbo mengi, tuhuma ya namna hiyo ikiwa ya uongo, mahakama huchukulia kwamba madhara yapo bila kuhitaji uthibitisho mwingi.

Wa tatu anaandika: "Tulichanga dola 1,840. Risiti nilizoona ni za dola 1,200. Naomba tuelezwe dola 640 ziko wapi." Huyu amesema anachokijua na ameuliza asichokijua. Kama hesabu zake ni sahihi, hakuna wakili atakayemtisha, na ndiye peke yake kati ya hao watatu anayeweza kupata jibu. Tunaomba wasimamizi wa magrupu wasome mfano huu mara mbili.

Aliyekashifiwa naye ajue mambo mawili. Muda ni mfupi: majimbo mengi yanatoa kati ya mwaka 1 na 3 wa kufungua kesi, na Texas na Kentucky ni mwaka 1 tu. Pili, kesi ya kashfa ni ghali, na mashirika ya msaada wa kisheria bila malipo mara nyingi hayazichukui. Barua ya wakili inayotaka maneno yakanushwe hugharimu kidogo kuliko kesi, na mara nyingine inatosha.

Vipi anayesambaza tu? Kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1996, inayojulikana kwa namba ya kifungu chake, 230. Kwa kawaida inazikinga kampuni za mtandao, na hata watumiaji, wasihesabiwe kuwa wao ndio waliosema maneno ya mtu mwingine. Ndiyo maana kumshtaki WhatsApp au msimamizi wa grupu kwa kashfa iliyoandikwa na mwanachama ni kazi bure. Lakini ukisambaza ujumbe kisha ukaongeza yako, "Ni kweli, mimi namjua tangu kambini, alikuwa mwizi hata kule," hayo uliyoongeza ni maneno yako na kinga haiyafikii.

Neno moja linastahili kutajwa peke yake: mchawi. Mahakama ya Marekani huenda isilichukulie kwa uzito, kwa sababu uchawi si jambo inaloweza kupima. Lakini grupu letu halina mipaka. Ujumbe wa sauti uliorekodiwa Iowa unasikika Nyarugusu, Fizi na Bujumbura kabla hujamaliza kunywa chai, na huko mama mzee anayetajwa, au dada yake, hana polisi wa kumpigia simu. Katika nchi zetu vikongwe wameuawa kwa neno hilo. Kenya ina sheria ya tangu 1925 inayofanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, na aliyeiandika alijua kwa nini. Kati ya maneno yote ya makala hii, hili ndilo tungependa lisitoke kabisa kwenye simu zetu.

Na kwa kuwa tumetaja mipaka: ndugu zako walio katika grupu moja nawe wanaishi chini ya sheria nyingine. Aliye Uingereza anaweza kushtakiwa kwa jinai akituma ujumbe anaojua ni wa uongo kwa nia ya kumdhuru atakayeusoma. Kosa hilo lilianza kutumika tarehe 31 Januari 2024. Kenya ilipitisha mwaka 2018 sheria ya makosa ya mtandaoni, iliyoweka adhabu kwa kuchapisha habari za uongo kwa makusudi. Kongo ilipata kanuni ya mambo ya kidijitali mwezi Machi 2023, nayo inamgusa anayeanzisha na anayesambaza habari za uongo dhidi ya mtu. Kwa hiyo unapomchochea mdogo wako wa Goma au Nairobi, "Wewe waandikie, mimi niko Marekani hawanifiki," kumbuka kwamba yeye wanamfika.

Tishio

Hapa tunaomba msomaji apunguze mwendo, kwa sababu neno hili linaweza kumfunga mtu ambaye hakuwa na nia ya kumgusa yeyote.

Kiswahili kina vitisho vingi ambavyo kati yetu si vitisho. Mama humwambia mtoto "nitakuua leo" kwa sababu amemwaga maziwa. Marafiki huambiana "utanitambua." Kuna "utakiona cha mtema kuni," "nitakuonyesha," "nitakufundisha adabu," "utajuta kuzaliwa." Tunajua sauti, tunajua uso, tunajua nani anasema nini kwa nani. Yakiandikwa kwenye simu, sauti na uso vinabaki nyuma. Yakitafsiriwa kwa Kiingereza na mashine, au na mkalimani aliyeapa kutafsiri neno kwa neno, "nitakuua" inabaki nitakuua.

Hata herufi moja ina kazi. "Nitakupigia kesho" ni simu. "Nitakupiga kesho" ni kipigo. Mtu anayeandika haraka huku akiendesha mashine kazini anaweza kuruka herufi moja na akaacha maandishi ya tishio. Ukiwa tayari mmegombana, soma kabla hujatuma.

Sheria inasemaje? Sheria ya shirikisho inatoa kifungo cha hadi miaka 5 kwa anayetuma, kutoka jimbo moja hadi lingine au kutoka nchi hadi nchi, tishio la kumjeruhi au kumteka mtu. Kila jimbo lina sheria zake pia. Mtu anaweza kujitetea, "Sikuwa na nia." Mahakama Kuu ya Marekani ililizungumzia hilo tarehe 27 Juni 2023 katika kesi ya Counterman dhidi ya Colorado, ya mtu aliyemtumia mwanamuziki asiyemjua mamia ya ujumbe wa Facebook, akizuiwa anafungua akaunti mpya. Mahakama ilisema mwendesha mashtaka lazima aoneshe kilichokuwa kichwani mwa mtumaji, lakini si lazima aoneshe kwamba alikusudia kutisha. Inatosha kuonesha kwamba alitambua uwezekano wa maneno yake kueleweka kama tishio la kudhuru, akapuuza, akatuma. Sasa fikiria: umeambiwa na dada yako, na shemeji, na msimamizi wa grupu, "Hayo maneno yanatisha, acha." Ukaendelea. Ujumbe wao wa kukuonya uko kwenye simu, na unaweza kusomwa mahakamani.

Kuna jambo lingine linaloogopesha familia bila sababu. Katika majimbo kama Texas na Kentucky, jina rasmi la kosa la kutishia limeundwa na neno linalofanana na ugaidi. Mzazi akipokea karatasi ya mahakama yenye neno hilo huona kwamba mwanawe ameitwa gaidi na familia nzima itarudishwa. Sivyo. Ni jina la kosa la kutishia, na linatumika pia kwa kijana wa hapa aliyemtishia jirani. Ni kosa zito na linahitaji wakili mara moja, lakini halina maana kwamba mtu ameunganishwa na kundi la kigaidi.

Wanaopokea karatasi hizo mara nyingi ni wazazi wa vijana wa shule. Mtoto anaandika kwenye Snapchat, kwa utani au kwa kuchokozwa, kwamba kesho atakuja shuleni na bunduki. Hana bunduki. Hajawahi kushika. Katika nchi hii, baada ya watoto wengi kuuawa madarasani, hakuna mwalimu mkuu atakayesubiri kujua kama ni utani. Polisi watakuja nyumbani, simu itachukuliwa, na mtoto anaweza kufukuzwa shule na kufunguliwa kesi. Zungumza naye kwa lugha anayoisikia vizuri, hata kama sasa ni Kiingereza na unahitaji kaka yake akusaidie.

Namna moja ya tishio haina ngumi ndani yake: "Nilipe dola 500, la sivyo nitawapigia watu wa uhamiaji wakurudishe." Kusema "nitakushtaki" peke yake si kosa, kila mtu ana haki ya kwenda mahakamani. Kudai fedha au kitu kingine kwa kumtishia mtu karatasi zake ni jambo tofauti. Ni kudai kwa vitisho, na majimbo kama California na Colorado yameandika wazi katika sheria zao kwamba kutishia kuripoti hali ya mtu ya uhamiaji kunahesabiwa humo. Aliyeambiwa hivyo asilipe kimya kimya. Atunze ujumbe, atafute wakili.

Hali kadhalika anayetishiwa kwamba picha zake za utupu zitasambazwa. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa tarehe 19 Mei 2025 imefanya kusambaza picha hizo bila ridhaa, na hata kutishia kuzisambaza, kuwa kosa, zikiwemo picha za kutengenezwa na kompyuta. Mitandao ya kijamii inatakiwa kuziondoa ndani ya saa 48 baada ya mhusika kuomba. Tunajua dada zetu wanavyoona haya kulisema hili mbele ya mkalimani mwanaume. Unaweza kuomba mkalimani mwanamke.

Unyanyasaji, usumbufu, kuandamwa

Neno unyanyasaji kwa Kiswahili ni pana mno. Linabeba kupigwa na mume, kuonewa na bosi, kubakwa, na kuchokozwa kwenye grupu. Mtu akimwambia polisi "ananinyanyasa," mkalimani lazima achague neno moja la Kiingereza. Akichagua la kupigwa, polisi ataangalia kama una jeraha. Akichagua la kusumbuliwa, ataandika jambo dogo. Katika hali zote mbili yaliyokupata kweli hayajasemwa.

Afadhali ueleze kitendo. "Amenipigia simu mara 14 jana usiku. Nilimwambia aache tarehe 3. Amefungua akaunti tatu mpya. Amemwandikia binti yangu. Anajua saa ninayotoka kazini, na ameitaja." Hapo polisi anaona kuandamwa, jambo ambalo sheria za majimbo yote na ya shirikisho zinalitambua. Kinachotazamwa ni kurudia, na kwamba mtu aliambiwa aache akaendelea. Ndiyo maana ni vizuri kumwandikia mara moja, kwa ufupi, "Usiniandikie tena," kisha usijibu kitu chochote. Ukijibu kila ujumbe kwa ujumbe, baadaye itaonekana ni ugomvi wa watu wawili.

Aliyeandamwa anaweza kuomba mahakamani amri ya ulinzi. Katika majimbo mengi unaweza kuiomba mwenyewe bila wakili. Na aliyepewa amri hiyo dhidi yake aielewe vizuri: akikatazwa kuwasiliana, amekatazwa hata kutuma "pole na msiba," hata kutuma salamu kupitia kwa shangazi. Nia njema haisaidii. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu sheria ya uhamiaji inaitaja amri ya ulinzi moja kwa moja: mtu ambaye si raia, hata mwenye kadi ya kijani, anaweza kufukuzwa nchini kwa kuvunja sehemu ya amri hiyo inayomkinga mtu dhidi ya vitisho vya ukatili au usumbufu wa kurudiarudia. Kuhukumiwa kwa kosa la kumwandama mtu kumo humo pia.

Na hata pasipo hukumu, fomu ya N-400 ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa, pamoja na kesi zilizofutwa. Mkimbizi kwa kawaida anaweza kuomba uraia miaka 5 tangu siku aliyoingia. Usiku mmoja wa ujumbe wa sauti unaweza kukaa kwenye fomu hiyo, na utatakiwa kuueleza mbele ya afisa.

Fitina na uchochezi

Umbea ni kusema ya watu. Fitina ni kusema ili watu watengane. Uchochezi ni kusema ili watu wadhuriwe. Marekani inaadhibu hilo la tatu kwa shida sana: tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1969, maneno lazima yawe ya kuwasukuma watu wavunje sheria papo hapo, na yawe na uwezekano wa kufanikiwa. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa Ohio akatukana kabila zima kila jioni na asiguswe.

Sisi tunaotoka Maziwa Makuu hatuhitaji kuelezwa maneno hayo yanaishia wapi. Mwezi Desemba 2003 mahakama ya kimataifa kule Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa redio na gazeti kwa sehemu yao katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Wenye ndugu Minembwe, Ituri au Bujumbura wanajua kwamba maneno ya kikabila yanayotumwa kutoka Marekani husomwa huko na watu wenye silaha. Maafisa wa uhamiaji nao wanaweza kusoma kilicho wazi mtandaoni.

Ukiamua kwenda polisi au kwa wakili

Usifute kitu, hata ujumbe wako mwenyewe wa aibu. Piga picha za skrini zinazoonesha namba ya simu, tarehe na saa, na ujumbe uliotangulia na uliofuata. Ujumbe wa sauti uhifadhi nje ya WhatsApp, au ujitumie kwa barua pepe. Usiingie kwenye simu ya mwenzako kutafuta ushahidi. Hilo nalo linaweza kuwa kosa. Na usirekodi mazungumzo ya simu kwa siri kabla ya kuuliza, kwa sababu majimbo kama California, Florida na Washington yanataka ridhaa ya wote wanaozungumza.

Kama mtu amesema anakuja kukudhuru sasa hivi, piga 911 na useme "Swahili" ili uunganishwe na mkalimani. Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Mkalimani akianza, mwambie unatoka wapi. Kiswahili cha Lubumbashi na cha Mombasa havifanani katika maneno ya hasira, na mkalimani mzuri akijua atakuuliza badala ya kubahatisha. Kisha soma maneno yenyewe kutoka kwenye simu kama yalivyoandikwa, na methali zake na makosa yake ya herufi, halafu eleza ulivyoyaelewa na kwa nini ulivyoogopa.

Makala hii inaeleza maana ya maneno. Haichukui nafasi ya wakili. Ukiwa umepokea karatasi yoyote ya mahakama, ilete ofisini kabla ya tarehe iliyoandikwa juu yake, hata kama mhusika amekwisha kukuomba msamaha na mmeshakula pamoja. Mahakama haijui kwamba mmepatana mpaka mtu aiambie.